Mlango wa Ghorofa ya Tatu

Jumanne, 4 Machi
Kwa Dirishani, kupitia kisanduku cha barua cha Ukumbi wa Wasomaji mtandaoni

Dada Dirishani,

Salaam. Mimi ndiye Timazi, yule aliyeandika mwezi uliopita chini ya uhakiki wako kwamba riwaya uliyoisifu ina shujaa aliyekufa tangu sura ya pili, ila mwandishi hakupata habari. Najua wengi pale ukumbini wananiona mzee mwenye nyongo. Leo sikuandikii kugombana juu ya kitabu.

Nimerudia kusoma maoni yako yote tangu Desemba. Una desturi ya kuanza kwa kutueleza ulikaa wapi ukisoma, na wenzetu wanaipenda. Mimi pia naipenda. Lakini kuna mambo nimeyanakili kwenye daftari, na naomba unijibu kama mtu anayemjibu daktari, bila pambo.

Januari, ulipoandika juu ya riwaya ya mkunga, ulisema mlango wa darasa lako umeanza kukwaruza sakafu, siku hizi unaufunga kwa nyonga. Je, zamani ulikuwa ukifungika vizuri? Kisha kwenye yale mashairi ya vita ukasema Jumatatu asubuhi ulikuta kioo cha dirisha kimepasuka kutoka pembe hadi pembe. Kuna mtu aliyeingia humo Jumapili? Na wiki iliyopita ulisema hadithi za kutisha zilikunogea zaidi kwa sababu ukutani kulikuwa na mlio "kama mtu anayetafuna biskuti kavu polepole". Huo ndio ulionitoa usingizi. Unatoka wapi hasa? Juu, chini, au ndani ya nguzo?

Nijibu mapema.

Timazi

*

Jumatano, 5 Machi

Ndugu Timazi,

Nilipoona jina lako kisandukuni nilijifunga kibwebwe kwanza. Kumbe umekuja na maswali ya mlango. Nimecheka mpaka wanafunzi wakaniuliza kulikoni. Nikawaambia kuna mhakiki mmoja amemaliza kukosoa vitabu, sasa anakosoa viti tunavyokalia.

Haya, daktari. Mlango ulikuwa ukifunguka kwa kidole mpaka mwaka mpya. Jumapili hakuna anayeingia, ufunguo ninao mimi. Ule mlio unatoka kwenye nguzo iliyo karibu na meza yangu ya kukatia, na hausikiki kila siku. Nyongeza, maana naona unapenda: vigae viwili vya korido vimeinuka vikakutana kama watu wanaosalimiana. Tunaviruka.

Usije ukadhani tunakaa gofu. Nafundisha ushonaji ghorofa ya tatu, wanafunzi kumi na wanane, wengi wao mama wa watu, na jengo ni la mjomba wangu. Chini kabisa ana duka la magodoro. Mama alipofariki nilikuwa darasa la tano. Mjomba ndiye aliyenichukua, akanisomesha, na nilipotaka kufungua darasa akanipa chumba hiki chenye dirisha kubwa, hajanidai hata asante. Jengo lina ghorofa nne na sasa anaongeza ya tano. Kwa hiyo hizo kelele zako ni kelele za maendeleo.

Ile riwaya ya mkunga uliyosema huipati kwenu, nitakutumia nakala yangu kwa posta. Nipe anwani. Ukiisoma usipotoa chozi, nitajua moyo wako ni wa zege.

Dirishani

*

Jumatano, 5 Machi, adhuhuri

Dada yangu,

Anwani nimeiandika chini. Sasa nisikilize.

Nimejenga miaka thelathini na mmoja. Nilianza kwa kubeba maji, nikamaliza nikiwa msimamizi. Timazi ni ile kamba yenye pande la chuma inayomwonyesha mwashi kama ukuta umesimama wima. Sikujiita hivyo kwa ajili ya ukali.

Jengo linalokaa vizuri halibadili milango yake. Muulize mjomba wako, kwa adabu, kama kuna kitu alichokiondoa chini, ukuta au nguzo, kabla ya mwaka mpya. Kisha utafute ufa kwenye hiyo nguzo yako. Upo, hata kama hujauona. Kata karatasi nyembamba ya mitindo, upana wa kidole, uibandike kwa gundi ngumu kukatiza huo ufa, uandike tarehe. Karatasi ikibaki nzima mwezi mmoja, nitaomba radhi mbele ya ukumbi mzima. Ikichanika, toka na watu wako siku hiyo hiyo.

Karatasi haina mjomba.

Timazi

*

Jumatano, 12 Machi

Ndugu Timazi,

Kitabu nimekituma juzi, anwani ya mtumaji nimeweka ya duka, maana vifurushi vyote hupitia chini.

Lile neno lako la mwisho sikulipenda, lakini nilimuuliza mjomba kwa kuwa uliniomba kwa adabu. Hakuficha kitu. Novemba alitoa nguzo mbili za mbele kwa sababu zilikuwa zinaziba magodoro, mtu akipita barabarani haoni bei. Mafundi waliweka bimu la chuma mahali pake. Duka sasa ni zuri, jeupe, wazi kama uwanja. Ufa kwenye nguzo yangu upo kweli, na najua utaniambia usipoziba ufa utajenga ukuta. Umeshazibwa. Fundi alikuja jana akapiga plasta na rangi juu yake.

Karatasi sikubandika. Nina mitihani ya wanafunzi, na sitaki waone mwalimu wao anaagua kuta kama mganga.

Naomba turudi kwenye vitabu. Ukumbini wameyamiss matusi yako.

Dirishani

*

Jumamosi, 15 Machi
Kutoka kwa Mratibu wa Ukumbi wa Wasomaji

Ndugu Timazi,

Jana uliandika maneno haya chini ya uhakiki wa Dirishani: "Aliyeandika uhakiki huu anafundisha wanawake kumi na wanane ndani ya jengo linaloanguka. Ufa wa ukuta unazibwa. Ufa wa nguzo unakimbiwa. Anayemfahamu amtoe humo." Ukayarudia mara nne, hata baada ya mimi kuyafuta.

Dirishani ametuandikia kwamba amedhalilika na kwamba mjomba wake ameonyeshwa ujumbe huo na mtu. Wanachama kumi na wawili wamelalamika. Ukumbi huu ni wa vitabu. Wewe ni msomaji mzuri na wengine tumejifunza kwako, lakini kumtisha mwenzako kwa kutumia mambo aliyoyasimulia kwa upendo ni jambo tusiloweza kulivumilia. Akaunti yako imefungwa kwa miezi mitatu, na barua zako hazitamfikia mwanachama yeyote kupitia kwetu.

Ukiwa na neno, anwani yangu unayo.

Mratibu

*

Jumatatu, 17 Machi
Kwa Mwalimu wa Ushonaji, ghorofa ya tatu, kupitia duka la magodoro

Mwanangu,

Kitabu kimefika, na anwani ya duka ilikuwa nyuma ya bahasha. Ndiyo maana leo nakuandikia kwa kalamu. Sijakifungua. Sina haki ya kulia juu ya mkunga wa kwenye hadithi kabla sijakuambia hili.

Miaka minane iliyopita nilikuwa msimamizi wa jengo moja, ghorofa nne kama lenu. Tulihamisha nguzo kwa matakwa ya mwenye jengo. Mhandisi wetu alikuwa kijana, alitaka kazi isimame apige hesabu upya, nami nilimwambia hesabu zake zitatuchelewesha. Chini kulikuwa na mama mlinzi mwenye chumba kidogo karibu na ngazi. Alinijia mara tatu. Mara ya kwanza alisema mlango wake umegoma kufungika. Mara ya pili alisema anasikia kitu kinatafuna ukutani. Hilo neno lako, kutafuna, ndilo alilolitumia. Mara ya tatu alinishika mkono wa shati, na mimi, ili aniache nifanye kazi, nikampelekea seremala aurande mlango.

Ukafungika vizuri. Baada ya siku tano jengo lilikaa chini. Watu kumi na mmoja.

Kwenye uchunguzi niliulizwa kama kuna mtu aliyewahi kunieleza dalili yoyote. Niliapa kwamba hakuna aliyeniambia. Mama yule alikuwa mmoja wa wale kumi na mmoja, kwa hiyo hakukuwa na wa kunikanusha. Yule mhandisi kijana alifungwa. Mimi niliacha kazi wakasema nimevunjika moyo, wakaniletea pole.

Hakuna anayejua haya. Hata mke wangu alifariki hajui. Nimekuandikia wewe ambaye sijawahi kukuona, kwa sababu sijui njia nyingine ya kukufanya uniamini. Mtu hajivui nguo hivi kwa ajili ya mzaha.

Nakuomba utoke. Ukimkosea mjomba wako, utamwomba radhi akiwa hai na wewe ukiwa hai.

Timazi

*

Jumatatu, 24 Machi

Bwana,

Barua uliyomwandikia mpwa wangu imefika dukani kwangu, na chini ya paa langu barua nafungua mimi. Nimeisoma mara mbili. Pole kwa yaliyokukuta.

Lakini sielewi mtu mwenye damu za watu kumi na mmoja anapata wapi ujasiri wa kunifundisha mimi kujenga. Mtu aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi sikulaumu kwa kushtuka. Nakulaumu kwa kumwingizia hofu mtoto niliyemlea. Amekonda. Anaingia chumbani kwake anatazama ukuta kama anayesubiri useme naye.

Kwa taarifa yako, mlango wake haukwaruzi tena. Seremala ameuranda wiki hii na unafungika kwa kidole. Slabu, ile sakafu ya zege ya juu, inamwagwa Jumatano tarehe 2, na baada ya hapo tutaweka tangi la maji, na wapangaji wameshajipanga. Barua yako sitampa. Ukiandika nyingine nitaipeleka polisi pamoja na hii ya kwanza, na utaenda kuwaeleza wao habari za yule mama mlinzi.

Nakutakia afya njema.

Mwenye jengo

*

Jumamosi, 29 Machi
Kwa Mratibu wa Ukumbi

Ndugu Mratibu,

Sikuombi unifungulie. Nakuomba umfikishie Dirishani mstari mmoja tu, kisha unifungie maisha: Jumatano tarehe 2 wanamwaga zege juu, wewe na wanafunzi wako msiwemo, na yeyote atakayekusikiliza asiwemo.

Kama nimekosea, utakuwa umepoteza mstari mmoja. Nimejaribu polisi wa mji wao kwa simu. Waliniuliza mimi ni nani wa jengo hilo.

Timazi

*

Jumamosi, 19 Aprili

Mzee wangu,

Mratibu amenipa ruhusa ya kukuandikia. Yeye ndiye aliyenifikishia mstari wako Jumatatu ile. Nadhani habari umeisikia redioni, lakini walisema jina la mtaa tu na idadi.

Nianze na uongo wangu. Karatasi niliibandika, kesho yake tu baada ya barua yako, tarehe 6, nyuma ya kalenda ya ukutani. Nilipokuandikia kwamba sikubandika, ilikuwa imeshajivuta ikawa imekaza kama ngozi ya ngoma. Fundi wa plasta alipita juu ya ufa lakini aliiacha sehemu ya kalenda. Tarehe 20 ilichanika. Nikabandika nyingine. Hiyo ilichukua siku nne. Sikumwambia mtu. Kila asubuhi nilikuwa nafungua darasa, nafunua kalenda, naishusha, nawaambia wanafunzi watoe mikasi.

Jumatatu, nilipopata mstari wako, nilishuka dukani. Mjomba alikuwa anachana nailoni ya godoro.

"Mjomba, keshokutwa wanamwaga zege?"

"Wanamwaga."

"Naomba wasubiri. Njoo kwanza uone kitu nyuma ya kalenda."

Alipanda ngazi zote akihema. Alitazama. Kisha akaibandua ile karatasi kwa ukucha, taratibu, akaikunja akaitia mfukoni.

"Nani amekufundisha haya?"

"Mtu anayejua."

"Anayejua kuua, ndiyo."

Wakati ule sikuelewa kwa nini alisema hivyo. Akakaa kwenye kiti changu.

"Mama yako alipokufa, ulilala nyumba ya nani?"

"Yako, mjomba."

"Basi usiiite nyumba yangu kaburi mbele ya watu."

Mzee wangu, nilimletea maji ya kunywa.

Jumatano niliwaambia wanafunzi tunakwenda kutembelea kiwanda cha nguo. Hawakuuliza, walifurahi kama watoto. Tulipokuwa tunashuka, vibarua walikuwa wanapanda na makarai ya zege kichwani, ngazi ni nyembamba, ikabidi tujibanze ukutani kuwapisha. Mama mmoja mwenye kitenge cha njano alisimama kwangu kuvuta pumzi. Akaniambia, "Mwalimu, leo mnatoka mapema." Nikamjibu, "Ndiyo, tunatembea kidogo." Akasema, "Mna bahati ninyi." Mjomba alikuwa amesimama chini ya ngazi anatutazama. Nikapita.

Tulikuwa tunaonyeshwa nyuzi zinavyotiwa rangi, saa tano na dakika kumi, simu ya mwanafunzi mmoja ikalia. Alikuwa mumewe, anauliza tu kama yu hai. Halafu ya pili ikalia, halafu zote.

Walikufa vibarua saba waliokuwa juu, pamoja na mteja mmoja aliyekuja kumchagulia mtoto wake godoro. Mama wa kitenge cha njano ni mmoja wa wale saba. Mjomba alikuwa ng'ambo ya barabara akigombana na dereva wa lori la kokoto. Kipande cha ukuta kilimvunja nyonga. Ataishi.

Hospitalini nesi alinikabidhi koti lake. Barua yako ya tarehe 17 ilikuwa mfukoni, pamoja na ile karatasi niliyoibandika. Niliisoma kwenye benchi la korido, mara ya kwanza kuiona. Nilipofika mahali ulipoapa, nilirudi wodini nikamtazama amelala, nikashindwa kujua nimkasirikie nani kati yenu.

Siku ya tatu walikuja watu wawili wa uchunguzi. Nilikuwa nimeketi kando ya kitanda. Wakamuuliza kama kuna mtu aliyewahi kumweleza dalili yoyote. Akasema, "Hakuna aliyeniambia." Alisema akinitazama mimi, na mkono wake ulikuwa juu ya mkono wangu. Nahisi aliisoma barua yako yote akachukua kitu kimoja tu ndani yake.

Kikao cha uchunguzi ni Jumatano tarehe 30, na mimi nimeitwa. Wanataka kujua kwa nini darasa langu peke yake lilitoka. Nikionyesha barua zako, mjomba anakwisha na wewe unakwisha. Nisipozionyesha, wanasema watamshika mhandisi, kijana aliyechora ghorofa ya tano. Mke wa mjomba ananiletea chakula kila siku na haniulizi kitu. Na mimi mwenyewe, mzee wangu, sijui nitajibu nini wakiniuliza habari za ngazini.

Niambie la kufanya. Au usiniambie, lakini niandikie.

Dirishani

*

Jumatano, 23 Aprili

Mwanangu,

Nimekaa na barua yako siku nzima. Toa zote. Ya tarehe 17 iweke juu kabisa, usiifiche katikati ukidhani unanihurumia. Nimeshakwenda kwa wakili mmoja wa hapa nikamwandikisha maelezo yangu. Aliniuliza mara mbili kama nimeelewa ninachokifanya, nikamwambia nimechelewa tu, kuelewa nilielewa zamani.

Yule mhandisi aliyefungwa kwa kiapo changu alitoka mwaka juzi. Nilimtafuta Jumapili. Anatengeneza simu kwenye kibanda na hajengi tena. Nilipomaliza kumweleza aliendelea kukaza skrubu ya simu iliyokuwa mkononi mwake, akaniambia nikaseme mahali patakapoandikwa. Hakunitukana. Ningependa angenitukana.

Kuna kitu usichokijua. Mjomba wako aliniandikia tarehe 24 Machi, kwa mkono wake. Ameandika kwamba ameisoma barua yangu mara mbili na kwamba mlango wako ameshaurandisha. Ninayo, na bahasha ina muhuri wa posta. Kwa hiyo usibebe peke yako mzigo wa kumkana. Wewe utatoa za kwangu, mimi nitatoa ya kwake. Yule kijana wa ghorofa ya tano hatalala ndani kwa ajili yetu.

Mjomba wako alikulea. Hilo litabaki kweli, na usikubali mtu akuambie ulifiche au ulifute. Mpelekee uji asubuhi ya kikao kama kawaida. Mwambie unachokwenda kusema kabla hujaenda. Mimi sikumpa mtu wangu yeyote heshima hiyo.

Kuhusu yule mama wa ngazini sina dawa ya kukupa. Ningekuwa nayo ningeinywa mwenyewe. Ila usisubiri waulize. Mtaje wewe wa kwanza, kitenge chake, alichokuambia, ulichomjibu. Mtafute anaitwa nani, kwao ni wapi, ana watoto wangapi. Wangu, yule mlinzi, nilijua kila kitu chake isipokuwa jina, na sasa hakuna wa kumuuliza.

Basi langu linafika Jumatatu saa nne asubuhi. Mimi ni mrefu, nimeinama kidogo, nina miwani iliyofungwa waya upande wa kushoto. Siku ya kikao kaa mbali nami, wasije wakasema nimekufundisha maneno. Nimeomba nisikilizwe kabla yako.

Aliyekuwa msimamizi wa ujenzi